Mhusika wangu anamaliza pambano peke yake, na mdogo wangu ameacha kuja kucheza

Shikamoo Shangazi.

Mimi ni kijana wa miaka 27, nakaa Mtwara mjini. Msimu wa korosho nasimama kwenye mizani ya ghala. Msimu ukiisha naandika hesabu za watu wenye maduka. Najua wanaokuandikia wengi wana ya ndoa na mirathi. Langu ni la mchezo, na nimesita sana kabla ya kushika kalamu, lakini limeshaingia hadi ndani ya nyumba.

Kila Jumamosi jioni, huu mwaka wa pili, tunakutana watu sita kwenye kibaraza cha mama mkubwa kucheza Dungeons & Dragons. Ni mchezo wa mezani uliotoka Marekani mwaka 1974. Hauna mshindi. Mmoja wetu, mwalimu wa sekondari niliyesoma naye, ndiye msimulizi: anaeleza tulipo, anacheza maadui na wapita njia wote. Sisi watano kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi. Unasema unachotaka kufanya, unatupa dadu ya nyuso 20, namba inakuonyesha kama umefaulu. Tulipoanza hatukuwa hata na dadu. Tulikata vikaratasi 20, tukaviandika namba, tukavitia kwenye kopo la maziwa tukawa tunachota. Msimulizi ametutungia nchi yenye mikoko, majahazi na magofu kama ya Kilwa. Mama mkubwa hutuchemshia ming'oko. Hizo ndizo saa ninazozingoja wiki nzima.

Mhusika wangu anaitwa Radi, mpiganaji wa hasira mwenye upanga wa mikono miwili. Tunacheza kwa kanuni za 2014, na Radi yuko levo ya 5. Nimejaza daftari zima kwa ajili yake. Anaongeza 7 kwenye dadu, kwa hiyo adui mwenye kinga 15, yaani namba unayopaswa kuifikia ili umpige, anapigwa mara 13 kati ya 20. Upanga ni dadu mbili za nyuso sita, wastani 7. Nguvu zake 4, hasira 2, inakuwa 13. Kuna kipaji kinachokuruhusu kupunguza 5 kwenye kutupa ili uongeze 10 kwenye madhara, ambayo sisi tunayaita dameji. Wengi wanakitumia kwa pupa. Mimi nilikaa na peni: bila kipaji, wastani wa pigo moja ni 8.8, ukikitumia, 9.55. Faida ndogo. Lakini Radi ana uwezo wa kujitoa mzima, akatupa dadu mara mbili na kuchukua iliyo kubwa. Hapo bila kipaji ni 12.1, na kipaji 15.4. Anapiga mara mbili kwa zamu, kwa hiyo karibu 31. Anayemfuata mezani hafikishi nusu.

Miezi ya mwanzo Radi akipiga, kibaraza kizima kilikuwa kinapiga kelele, "Radi! Radi!" Kazini nikisoma kilo sahihi, mkulima ananiona mwizi na bosi ananiona mzembe. Pale kibarazani namba zangu zilikuwa zinashangiliwa.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 22. Nimemlea mimi na mama mkubwa, maana mama alifariki mapema, na baba alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji kutafuta kazi, mimi nikiwa na miaka 12, yeye 7, na hakurudi. Anacheza mwimbaji aitwaye Chiriku, anayetuponya na kututia nguvu kwa nyimbo. Dameji yake ni ndogo sana; nimemwonyesha mara nyingi namna ya kuiongeza, hataki. Kwa miezi mitatu hadithi ilikuwa inamfuata kiongozi mmoja wa maharamia, ambaye ni baba yake Chiriku aliyemwacha akiwa mdogo. Siku tuliyomfikia, msimulizi akasema, "Anawatazama, mkono uko kwenye mpini wa upanga." Tukatupa dadu ya nani aanze, nikaanza mimi. Nikasema napiga. Pigo la kwanza dadu ikatua 20: dameji 31. Ukipata 20, kile kipaji kinakupa pigo la ziada. La pili 22, la tatu 24. Jumla 77, na yule mtu alikuwa na uhai 65. Chiriku hakupata zamu. Mdogo wangu alikunja karatasi yake, akaiacha mezani, akasema, "Kaka, cheza peke yako." Hii ni wiki ya tano hajarudi. Nyumbani anapika, anapakua, nikimuuliza anajibu, basi.

Wenzangu wamenikalisha. Msimulizi alisema, "Tunaomba utuachie na sisi nafasi." Amependekeza tuhamie kwenye kanuni za 2024, ambako kile kipaji hakina tena mambo ya kupunguza 5 na kuongeza 10, kwa levo yetu kingeongeza 3 tu. Au nianze mhusika mwingine. Mimi naona ninaambiwa nijifanye dhaifu. Sijavunja kanuni hata moja. Tena nina hakika msimulizi anaongeza uhai wa maadui kimyakimya: jitu linalopaswa kufa linabaki na pumzi, na wenzangu wawili karibu wafe kwa ajili hiyo. Radi mwenyewe ameanguka mara mbili mwezi huu. Dadu zimekuwa mbaya.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Kile kitabu cha viumbe, ambacho ni cha msimulizi kukisoma, ninacho kwenye simu. Nimekimaliza. Adui akitajwa tu, najua kinga yake.

Shangazi, nimdhoofishe Radi? Nimwache, nianze mwingine? Au niondoke mimi, ili mdogo wangu arudi?

Mwenye Radi, Mtwara

*

Marahaba, mwanangu.

Umesita kuniandikia kwa kuwa jambo lenyewe ni mchezo. Watu sita wanaopeana zamu ya kusema kila Jumamosi kwa miaka miwili, na mama anawachemshia ming'oko! Hapo pana kitu cha kulinda, na nimefurahi kwamba umekiona hivyo.

Nina mpwa wangu Lindi anayeucheza mchezo huu. Sikumsomea barua yako. Nilichukua hesabu tu, tukakaa nazo jioni nzima kwa simu. Hesabu zako ni sahihi, zote. Nalisema hili mapema kwa sababu naona ninaongea na mtu aliyechoka kuambiwa kwamba mizani yake inadanganya. Akili iliyokaa na peni ikagundua kwamba kipaji kinachosifiwa na wengi kina faida ndogo mpaka kiunganishwe na kitu kingine, hiyo si akili ya kuonea aibu. Katika yote nitakayosema, sitakuomba uifiche.

Lakini nilimwomba mpwa wangu anipeleke hatua moja zaidi, kwenye adui mwenye kinga 18. Hapo Radi asipojitoa, pigo bila kipaji lina wastani wa 6.85, na kwa kipaji 6.1. Kipaji kinakula hasara. Ni lini kitumike na lini kiachwe kunategemea namba ambayo mchezaji hapewi. Wenzako wanaikisia: mshale wa fulani ulipata 16 na bado ukakosa, basi kinga ya adui iko juu ya hapo. Nimeambiwa hiyo ni nusu ya utamu wa pambano, watu kuambizana walichokiona kwenye dadu zao. Wewe huwahitaji kwa hilo, kwa sababu umesoma kitabu. Umesema hujavunja kanuni hata moja, na sina nia ya kubishana nawe. Nakuuliza tu kwa nini jambo hili ndilo uliloliweka mwisho wa barua, na kwa nini hujamwambia mtu.

Kuna namba nyingine ambazo sikuziona kwenye daftari lako. Radi akijitoa mzima, maadui nao wanatupa mara mbili dhidi yake. Tuseme kinga yake ni 15 na adui anaongeza 5: kwa kawaida angempiga mara 55 katika 100, sasa anampiga karibu mara 80. Damu hiyo ilikuwa inazibwa na nani? Umeandika mwenyewe kwamba Chiriku alikuwa anaponya na kutia nguvu. Mpwa wangu ameniambia kwamba mwimbaji wa levo ya 5 anaweza kumpa mwenzake dadu ya nyuso nane ya kuongeza kwenye pigo linaloelekea kukosa, wastani 4.5, karibu sawa na zile 5 unazozitoa kwa ajili ya kipaji. Chiriku ana dameji ndogo, umesema. Inawezekana sehemu ya dameji yake ilikuwa inaandikwa kwa jina la Radi. Tangu aondoke umeanguka mara mbili, na lawama umezipa dadu. Labda ni dadu kweli. Wewe unajua kuhesabu kuliko mimi. Hesabu tena, safari hii naye akiwemo.

Kuhusu msimulizi. Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mchezaji wa bao. Kete 64, mashimo 32, naye alikuwa anaona mtaji wa mbele kabla mkono wa mwenzake haujaondoka shimoni. Watu walitembea kutoka mbali kuja kufungwa naye na wakarudi wameridhika, kwa sababu aliyekaa upande wa pili wa bao amekuja kwa jambo hilohilo. Ukimhesabia mpaka mwisho umemheshimu. Naona unamtazama msimulizi wenu kama mtu aliyekaa upande huo wa pili. Nakisia tu, lakini jaribu kumtazama kama mtu mwenye wageni watano na chungu kimoja. Mgeni mmoja akila haraka mno, anaongeza maji. Yale majitu ambayo uhai wao unaonekana kuongezeka, huenda anawaongezea ili wenzako wanne wapate angalau zamu moja kabla ya mwisho. Na akiongeza ili yakutoshe wewe, yanawazidi wengine. Ndiyo maana wawili karibu wafe. Hapo sioni mdanganyifu. Namwona mwalimu aliyechoka, ambaye hajajua aanzie wapi kukuambia. Kisha alipojaribu alisema, "Tunaomba utuachie na sisi nafasi." Hayo ndiyo maneno uliyoyanakili. Neno "dhaifu" limetoka kwako.

Sasa nije kwa mdogo wako, na hapa nitasema kwa uangalifu kwa sababu naweza kuwa nakosea.

Katika barua yako kuna sentensi ya baba aliyevuka Ruvuma, binti akiwa na miaka 7. Mistari michache mbele kuna baba yake Chiriku, aliyemwacha mtoto mdogo. Umeziandika zote mbili kwa mkono uleule, na baina yake ukaweka maelezo ya dameji ndogo. Sijui kama msimulizi alilitunga hilo mwenyewe au mdogo wako ndiye aliyeliomba. Kama aliliomba yeye, basi kwa miezi mitatu alikuwa anatembea kuelekea kwa mtu mmoja mwenye maswali ambayo katika maisha hana wa kumuuliza. Akafika. Akawa anasubiri zamu yake. Dadu ikatua 20.

Usijipige kwa hili. Dadu haina macho, na msimulizi alikuambia mkono uko kwenye mpini wa upanga. Ila mpwa wangu alinisomea kanuni moja ya mwaka huohuo wa 2014: anayemfikisha adui sifuri kwa silaha ya mkononi anaweza kuamua papo hapo kumzimisha tu, abaki hai amezirai. Mtu aliyejaza daftari zima bila shaka anaijua. Siulizi ili nikubane. Nauliza kwa sababu na wewe ni mtoto wa mtu yule aliyevuka mto. Ulikuwa na miaka 12, ukaachiwa mdogo wa kulea. Uliposema "napiga", je, aliyekuwa anasema ni Radi peke yake? Jibu ni lako, si lazima uniandikie.

Umeuliza la kufanya. Ukimdhoofisha Radi, au mkahamia kanuni za 2024, meza itapumua na msimulizi atapata nafuu mara moja. Hatari yake ni kwamba wewe utakaa pale kama mtu aliyenyang'anywa, na kinyongo cha namna hiyo hujitokeza mahali pengine. Mhusika mpya ana hatari hiyohiyo: akili iliyomjenga Radi itamjenga na huyo, na baada ya miezi mitatu mtarudi mlipo. Kuondoka kabisa, hilo linaniogopesha kidogo. Umesema utaondoka ili mdogo wako arudi, lakini katika nyumba ambayo baba aliondoka, sijui kama binti atalisikia kama zawadi.

Mpwa wangu alinipa wazo ambalo nalikupa kwa sababu lina hesabu ndani yake. Mpiganaji wa aina ya Radi, badala ya kuongeza dameji yake, anaweza kufuata njia ya roho ya mbwa mwitu: akiwa kwenye hasira, wenzake wote wanaompiga kwa silaha ya mkononi adui aliye karibu naye wanatupa dadu mara mbili na kuchukua kubwa. Wakati huo daftari lako lingekuwa na watu watano badala ya mmoja. Ungekuwa unatafuta jumla ya meza, na kwa kweli hesabu hiyo ni ngumu zaidi, huenda ukaipenda. Lakini iangalie hatari yake pia. Mtu anayejua jumla ya meza huanza kuwaambia wenzake wasimame wapi na wapige nani. Umemwonyesha mdogo wako mara nyingi namna ya kuongeza dameji, naye mara nyingi hakutaka. Ukija na mpango mzuri ambao bado ni wako peke yako, wataletewa Radi yuleyule kwa sura nyingine.

Na kile kitabu cha viumbe. Unaweza kukifuta ukanyamaza, na hakuna atakayejua. Unaweza kumwambia msimulizi. Ukimwambia, huenda akakasirika, huenda akajiona mjinga kwa miezi yote aliyojitahidi kukuficha namba ulizokwisha kuzisoma. Huenda pia akakuambia kweli yake kuhusu ule uhai unaoongezeka, mkawa watu wawili waliofichana na sasa wanazungumza. Kama ukiamua hivyo, usimwambie mezani mbele ya wote. Mtafute siku ya kazi, mtembee hata ufukweni Shangani, muwe wawili.

Kwa mdogo wako sina kanuni ya kukupa. Kuna mlango ambao nauona: kama msimulizi ataridhia, yule haramia anaweza kuwa alizirai, na zamu ya Chiriku ikawa haijapotea. Nimefikiria sana kama nikuandikie jambo hili, kwa sababu ukilibeba kwenda kwake kama suluhisho, utakuwa umeamua hadithi yake kwa mara ya pili. Huenda hataki tena kuongea na mtu yule. Huenda amegundua kwamba alitaka afe, akaona vibaya kulitaka. Huenda hasira yake haihusu haramia wala baba. Inahusu kaka anayemsikiliza kila mtu kwa namba. Yeye ndiye anayejua, na wiki tano mmekuwa mnapakuliana chakula bila yeyote kuuliza hilo.

Ukienda kwake, nenda bila daftari. Pengine usianze na Jumamosi wala Radi. Mngeweza kuanza na baba, kama mmewahi kumzungumza. Kwa barua yako nahisi hamjawahi, na kama ni hivyo basi usishangae mazungumzo yakiwa mafupi, au akisimama katikati na kwenda kuosha vyombo. Mwachie. Wewe ulikuwa na miaka 12 na unakumbuka sauti yake. Yeye alikuwa na 7, inawezekana hakumbuki. Kuna vitu unavyovijua kuhusu mtu yule ambavyo mdogo wako hajawahi kuvisikia, hata vidogo, alivyokuwa anacheka au alivyokuwa anafunga mzigo.

Swali moja la mwisho, na hili ni la udadisi wangu kama mama. Umesema alikunja karatasi ya Chiriku akaiacha mezani. Wiki tano sasa, nani anaitunza? Kama iko kwako, ndani ya lile daftari, ningependa ujue kwamba nilipofikiria hivyo nilikupenda zaidi.

Niandikie tena, hata kama hakuna kilichobadilika. Msalimie sana mama mkubwa.

Shangazi